Bumu Likiingia, Mdogo Wangu Anakaa na Nani?

Najua umezoea kukutana nami hapa tukicheka habari za mapenzi ya makondakta na harusi za kuazima suti. Leo naomba unisamehe, utani nimeupunguza. Leo namzungumzia mdogo wangu, wa tumbo moja, aliyenifuata ziwa. Ametoa ruhusa mwenyewe niandike, ila kwa sharti: nisimtaje jina wala nisikitaje chuo chake. Nimemkubalia. Tutamwita Dogo, kama tunavyomwita nyumbani mpaka leo ingawa amenipita urefu.

Kwetu ni Samuye, Wilaya ya Shinyanga, kwenye pamba, mpunga na ng'ombe. Mimi masomo yangu yaliishia kidato cha nne, na alama zangu si za kutangazwa gazetini. Nikaja mjini, nikafungua kibanda cha uwakala wa pesa za simu, jioni naandika hizi makala. Dogo ndiye aliyetutoa kimasomaso. Alipochaguliwa kwenda chuo mwaka 2021, baba aliuza ng'ombe wawili na mbuzi mmoja akachinjwa. Mayu, yaani mama yetu, alilia tangu asubuhi mpaka watu wakadhani kuna msiba. Ukoo mzima haukuwahi kutoa mtu wa chuo.

Siku ile ya mbuzi, kama saa mbili usiku, nilimwita Dogo nyuma ya nyumba nikampa bia. Ilikuwa bia yake ya kwanza. Nilimwambia, "Sasa umekuwa mtu mzima, usije ukatutia aibu chuoni kwa kunywa soda." Akakunja uso, akaimaliza, tukacheka. Sisemi kwamba bia ile moja ndiyo iliyomharibu. Nasema tu kwamba aliyeinunua ni mimi, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiwasimulia watu habari hii nzima na kuruka kipande hicho.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Halafu ikaja likizo ya 2022. Dogo hakutaka kukaa nyumbani akiomba hela ya vocha, akaenda Mwakitolyo kwenye machimbo madogo ya dhahabu kutafuta mshiko. Alibeba mawe kutoka kwenye duara kupeleka kwenye karasha. Kazi ile ni ya punda, msikie tu. Vumbi la karasha ni jeupe, linaingia puani, kifuani, mpaka kwenye nguo za ndani. Wenyeji wakamwambia dawa ya vumbi ni kupiga gongo kidogo asubuhi, kifua kinasafika. Gongo, kwa taarifa yako, imepigwa marufuku na sheria ya mwaka 1966 ambayo inaiita 'moshi'. Lakini machimboni sheria hiyo ni kama redio iliyoisha betri. Na wala gongo haisafishi kifua cha mtu. Dogo alikwenda kule anakunywa siku za sikukuu, akarudi anakunywa kabla ya kupiga mswaki.

Sasa tuje kwenye 'bumu'. Msomaji ambaye hukupita chuo kama mimi, bumu ni fedha ya Bodi ya Mikopo ya chakula na malazi. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 inahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, lakini haitolewi kwa siku, inaingia kwa mkupuo. Piga hesabu mwenyewe: siku 60 ni laki sita. Kijana wa miaka ishirini na moja, ambaye kwao laki sita inaonekana msimu wa pamba tu, tena mkononi mwa baba, anaamka asubuhi simu inalia 'ti!' na laki sita ni zake. Siku bumu likiingia, Dogo anasema, chuo kizima kinanuka chipsi kuku, na kufika saa moja jioni baa zote za jirani hazina kiti. Wiki ya tatu watu wanakula mkate na maji. Kwa kijana wa kawaida ni ujana tu, utapita. Kwa Dogo, laki sita zilikwisha siku tisa.

Baada ya viroba kupigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, wengi tulidhani pombe kali ya bei ya pipi imekwisha. Wapi! Alikuwa anatembea na kichupa kwenye mfuko wa suruali, na bangi kwenye soksi. Kwanza zikaja 'sapu', yaani mitihani ya marudio. Halafu akauza kompyuta. Halafu akauza simu, akaniambia imeibiwa, nikamnunulia nyingine, nayo 'ikaibiwa'. Mimi ni wakala wa pesa, kazi yangu ni kunusa matapeli, lakini huyu alikuwa ananipiga za uso kila Jumatatu na mimi natuma tu. Machi 2023 mwanafunzi mwenzake akatupigia: njooni mchukueni, leo amelala mlangoni kwa mhadhiri.

Alirudi Samuye amekonda, macho ya njano. Baba hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu akaamua, na mimi nikamuunga mkono. Tulimfungia kwenye chumba cha dengu. Tukaweka maji, uji na ndoo, tukatia kufuli. Baba alisema, "Akikaa wiki bila hiyo takataka itamtoka." Kulikuwa na mganga pia, aliyesema Dogo ametupiwa kitu na mtu wa ukoo asiyependa maendeleo. Alichukua kondoo wake akaenda zake. Huyo simmalizii karatasi.

Siku ya kwanza Dogo alitukana. Siku ya pili akawa anatetemeka, jasho kama amenyeshewa, anaomba tone moja tu. Mayu alikaa nje ya mlango akimwimbia kama mtoto mchanga. Siku ya tatu alfajiri akaanza kupiga kelele kwamba siafu wamejaa ukutani wanakuja kumla. Hakukuwa na siafu. Halafu kukawa kimya. Tulipofungua tulimkuta chini, macho yamegeuka, povu mdomoni, mwili unaruka kama kifafa.

Tukampakia kwenye bodaboda, mshikaki, dereva mbele, Dogo katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, tukaenda hospitali mjini. Daktari aliposikia habari ya kufuli alivua miwani. Naandika hapa alichotueleza kwa sababu najua nyumbani kwa msomaji wangu mmoja kuna kufuli linafikiriwa hivi sasa. Mtu aliyezoea kunywa kutwa nzima kwa miezi, akikatizwa ghafla, anaweza kufa. Si mkwara. Ubongo umezoea kukanyagiwa breki na pombe. Ukiondoa pombe kwa siku moja, ubongo unakimbia bila breki: mtetemeko, degedege, kuona visivyokuwepo, moyo kwenda mbio. Hospitalini wanampa dawa ya kutuliza kama diazepamu, wanaipunguza siku hadi siku, na vitamini B1 kwa sababu mlevi hali na B1 imemwisha mwilini. "Bangi mngeweza kumfungia nayo akanuna tu," daktari alisema. "Pombe mngemzika." Baba alitoka nje, nikamsikia anakohoa kwa muda mrefu.

Na kwa wale wa unga, waathirika wa heroini, mambo ni tofauti tena. Arosto ya unga inatesa mtu mpaka akatamani kufa, lakini mara nyingi si arosto yenyewe inayoua. Inayoua zaidi ni siku ile anaporudia, baada ya kukaa safi, akapima dozi ileile ya zamani na mwili umeshaisahau. Hili nalo lijue.

Nilikuwa nimesikia juu ya methadoni, dawa ya kumeza ambayo Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, Mwananyamala wakafuata 2012 na Temeke 2014. Nikasikia hata Mwanza ipo. Nikafunga safari na kujieleza vizuri kabisa mbele ya muuguzi, nikaomba methadoni ya mdogo wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Anatumia heroini?" Nikasema hapana, gongo. Akacheka kwa upole. Methadoni ni ya watumiaji wa heroini na jamii yake, haimsaidii mtu wa gongo. Nauli yangu ikawa imekwenda na maji, lakini yule dada alinipa ushauri uliotufaa kuliko wa mganga: mtafutieni nyumba ya upataji nafuu, ile ambayo vijana wanaita 'soba'.

Soba si hospitali na si jela. Malindi kule Kenya walikuwa na nyumba ya namna hiyo, Omari Project, na Zanzibar zikaanza mwaka 2009, halafu zikaenea huku bara. Wanaoendesha mara nyingi ni watu walioacha wenyewe. Wazo ni la zamani: mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waligundua kwamba mlevi anayezungumza na mlevi mwenzake anaweza kupitisha siku bila kunywa. Kesho wanakutana tena. Ndivyo chama chao cha walevi wanaoacha kilivyozaliwa.

Ng'ombe mwingine akaenda, na akiba ya kibanda changu ikaenda. Dogo akakaa soba miezi minne. Niliwahi kumtembelea nikamkuta anamenya viazi na mwanajeshi mstaafu, wote wamevaa ndala, wanabishana habari ya Simba na Yanga. Amenenepa. Macho meupe. Nikasema moyoni, kazi imekwisha.

Hapo ndipo nilipokosea, msomaji wangu, na ndiyo sababu ya makala hii. Kule soba kila mtu alikuwa kama yeye. Hakuna aliyekuwa anamshangaa akikataa bia, kwa sababu bia yenyewe haikuwepo. Kazi ilianza siku aliporudi chuo.

Alirudi Novemba 2023. Barua ya daktari ndiyo iliyomwokoa na 'disko', maana tulikuwa tumeahirisha mwaka kwa sababu ya ugonjwa kabla hawajamfukuza. Ukiwa na mgonjwa wa namna hii, kimbilia barua mapema, usingoje matokeo. Nilimsindikiza mwenyewe. Kwenye ofisi moja ya malezi ya wanafunzi nikaeleza kwa heshima zote kwamba huyu anatoka kupata matibabu ya ulevi, naomba msimpange chumba na wanywaji, na kama kuna mtu wa kuzungumza naye jioni, tungeshukuru. Mzee wa pale alinitazama kama nimeomba mkopo. "Kijana, hapa ni chuo, si hospitali. Akilewa tena, atakwenda nyumbani." Akagonga muhuri. Dogo alikuwa amesimama pembeni yangu anayasikia yote.

Chumba alichopangiwa kilikuwa na vijana watatu. Chini ya kitanda cha mmoja kulikuwa na katoni. Si watoto wabaya, tena walimkaribisha vizuri mno. Ndani ya wiki, habari zikazagaa kwamba ametoka 'kwa mateja', yeye ambaye unga hajawahi hata kuuona. Wakampa jina: Soba. "Soba, njoo upige moja tu." "Soba, leo ni bethidei ya mwenzako, unamtukana." Mtu akikataa nyama hamumuulizi. Akikataa pombe kila mtu anataka maelezo, tena mbele ya wasichana.

Alinipigia Ijumaa ya kwanza saa kumi na mbili jioni. Akasema, "Kaka, mchana siyo shida. Mchana kuna vipindi. Niambie mimi naenda wapi kuanzia sasa hivi mpaka saa nne." Sikuwa na jibu. Nikamwambia asali. Akasema ameshasali, ni saa kumi na mbili na dakika kumi.

Swali lile lilininyima usingizi, nikaanza kusomasoma. Kumbe kuna watu waliolijibu zamani. Katika Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani kulikuwa na profesa wa Kigiriki na Kilatini, Bruce Donovan, mwenyewe mlevi aliyeacha. Mwaka 1977 chuo kikampa kazi rasmi: awe mtu ambaye mwanafunzi mwenye tatizo la pombe anaweza kugonga mlango wake bila kufukuzwa. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha Rutgers kikaweka mpango wake, na 1988 kikafungua bweni la wanafunzi wanaoacha pombe na dawa, ndani ya chuo. Texas Tech wao walianza 1986. Leo vyuo vingi kule vina mambo hayo. Na ukitazama wanachofanya, si maajabu: chumba cha kukaa jioni, kikao cha kila wiki, bweni lisilo na chupa, mtu mzima mmoja anayejua majina yao, na mpira wa Jumamosi ambao haumaliziki baa.

Usiniambie Marekani wana hela. Chumba, viti kumi na birika la chai havimshindi mkuu wa chuo yeyote hapa Tanzania. Vyuo vyetu vina klabu za kila kitu, za mazingira, za mabinti wanamitindo, za kupinga rushwa. Tunayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa sheria ya 2015, ina namba ya bure, 119, na inapita vyuoni kuwaonya vijana wasianze. Vizuri sana. Lakini yule aliyeanza, akaumia, akaacha, akarudi darasani? Huyo chuoni kwa Dogo alikuwa na katoni chini ya kitanda cha jirani.

Basi tukafanya ya kwetu, ya kienyeji.

Nje ya geti la chuo kuna mama ntilie, mama mmoja mnene wa makamo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nilikwenda kwake nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Akasema mumewe alikufa kwa gongo. Tukapanga hivi: bumu likiingia, siku hiyohiyo Dogo anamlipa mama chakula cha siku zote mpaka bumu lijalo, mchana na usiku. Inayobaki ananitumia mimi, namrudishia kila Jumatatu kidogokidogo. Wazo la kunitumia mimi ni lake Dogo, si langu. Nilimuuliza kama haoni aibu kushikiwa hela na kaka yake. Akasema, "Aibu niliimaliza kwa mhadhiri."

Na mama akaongeza lake. Kila Ijumaa na Jumamosi usiku, Dogo akishakula, mama 'ananibip' mara moja. Bip moja, amekula, yuko sawa. Bip tatu, njoo. Usicheke. Watu wana vikundi vya simu vya kila aina siku hizi, lakini mama yule anaitumia simu yake kama mwaka 1999, na mimi sijawahi kuona huduma yenye uhakika kama ile.

Mwingine ni binti wa darasani kwao, mwenye ulimi mkali, ambaye naye simtaji. Yeye ndiye anaendesha 'diskasheni', kikundi cha kusoma. Aliposikia habari za Dogo, hakumpa pole. Alihamisha diskasheni kutoka Jumatano kwenda Ijumaa saa kumi na mbili na nusu, akamwambia Dogo, "Wewe ndiye utakuwa unakuja na majibu ya swali la tatu. Usipokuja tunafeli wote." Dogo aliniambia hilo akicheka, lakini nilisikia sauti yake. Kwa mwaka mzima watu walikuwa wanamtaka awe mzima. Huyu alimtaka alete swali la tatu.

Mlezi wa soba naye alikuwa anampigia kila Jumapili. Chumba tulibadilisha muhula wa pili, kwa kubembeleza, si kwa utaratibu.

Ningeweza kuishia hapa ukafurahi. Lakini Pasaka ya 2024 nilikuwa nimelala, kama saa tano usiku, simu ikabip. Nikatabasamu. Ikabip tena. Ikabip mara ya tatu.

Nilipanda basi la kwanza. Njia nzima nilikuwa nahesabu: ng'ombe watatu, akiba ya kibanda, kompyuta, simu mbili. Nilimkuta kwenye benchi la mama ntilie, shati limechafuka, anatazama chini. Kikundi chake kilikwenda nyumbani kwa sikukuu, diskasheni haikuwepo, yeye alibaki kwa sababu nauli ya kwenda Samuye alitaka kuiokoa, na jamaa wa zamani wakapita. Ndivyo ilivyokuwa, haikuhitaji mchawi. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika, kwa sababu Mayu husomewa gazeti hili. Lilikuwa neno la kumtakia kitu ambacho kilikaribia kumpata kwenye chumba cha dengu.

Mama ntilie aliweka mwiko chini. "Wewe kaka mtu," akasema, "umepanda basi kuja kumtukana? Matusi hata hapa yapo. Ungetuma ile nauli tukamtukania." Watu wawili waliokuwa wanakula chapati wakainama wasionekane wanacheka. Halafu akanisogezea kiti. "Kaa. Jana usiku huyu alikuja mwenyewe hapa kwangu kabla hajazidiwa. Alinigongea. Mimi nilikuwa nimelala, akanigongea mpaka nikaamka. Mwaka jana angekugongea?"

Mwaka uliotangulia asingegonga mlango wa mtu. Angeuza viatu.

Nilikaa. Tulikunywa uji watu watatu. Baadaye tukaenda zahanati, wakampima, wakasema usiku mmoja haujamrudisha kule kwenye degedege, lakini siku mbili zijazo asiwe peke yake. Nikalala chumbani kwake chini, kwenye mkeka, siku mbili, nikisikiliza wenzake wakipanga mipango ya Jumatatu ya Pasaka kwa sauti ya chini kwa sababu yangu. Usiku wa pili, taa imezimwa, nikamwambia habari ya bia ya nyuma ya nyumba. Kwamba huwa nairuka. Akanyamaza sana nikadhani amelala. Halafu akasema, "Kaka, ile ilikuwa chungu hata sikuipenda. Lala."

Ofisi hatukuiambia. Nimejiuliza mara nyingi kama tulifanya sawa. Daktari wetu alisema mwenye kisukari akila keki sikukuu, hospitali haimfuti kwenye daftari, inampima na kumrudisha kwenye dawa. Lakini chuo kilikuwa kimeshatuambia kitakachofanya. Mtu ukiambiwa kwamba ukisema ukweli unafukuzwa, unafanyaje? Unajifunza kuficha, na kuficha ndiyo kazi ambayo Dogo aliifanya vizuri kuliko zote alipokuwa analewa. Sikupenda kumfundisha tena.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Yuko mwaka wa mwisho. Diskasheni ya Ijumaa imekuwa na watu wawili wapya, na mmoja wao, Dogo ananiambia, huwa anatetemeka mikono na anadai ni baridi. Chuo chenyewe kiko sehemu ya joto. Dogo hajamuuliza kitu. Amempa swali la nne.

Sapu moja imebaki, ya takwimu, anafanya mwezi wa tisa. Baba anauliza kila wiki kama atavaa joho, na mimi namwambia aniulize baada ya takwimu. Pasaka, Krismasi na siku za bumu nauli yangu naiweka kwenye bahasha chini ya mashine ya uwakala, siigusi hata biashara ikikwama.

Leo ni Ijumaa. Ninaandika hapa kibandani, saa mbili na robo usiku, na bumu limeingia jana. Nilikuwa nimefika kwenye ile aya ya mganga simu ilipobip. Nikaacha kuandika, nikaitazama. Nikangoja dakika tano nzima. Mara moja tu.